Uso wa Mteja

"Simama. Kuna pikipiki. Ipite kwanza. Haya, imepita, twende. Mbele yako kuna kijimfereji, ruka. Vizuri. Sasa nyoosha mpaka nikuambie."

Mwanamke aliyekuwa akisema hayo hakuwa barabarani. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya kupigia pasi, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, pasi mkono huu, shati la mteja mkono ule, macho kayakaza kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la wanga. Aliyekuwa akiambiwa ni mumewe, fundi wa kusuka viti, kipofu tangu surua imchukulie macho akiwa mtoto. Wakati huo alikuwa mtaa wa mbali, mkoba wa henzerani, zile nyuzi za kusukia viti, begani, simu yake imefungwa kifuani kwa mkanda huku kamera ikitazama mbele, na waya wa kusikilizia umo sikioni.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Fundi akitoka asubuhi kwenda kwa wateja wake, hotelini, shuleni, kwa wenye nyumba zao, mkewe anaona njia nzima kupitia kile kifua na kumpitisha kati ya mashimo, mikokoteni na watu wasiotazama wanakokwenda. Mtaa ulishambandika mwanamke jina la Rubani, kwa kuwa anarusha ndege ambayo hajaipanda. Mume alibaki kuwa Fundi tu. Walikuwepo waliosema yule bwana anatembea na mke kifuani asije akapotelea kwa wanawake wengine, na Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Lakini mtu akikaa pale kwenye meza ya pasi kwa muda, akamsikiliza Rubani akimvusha mumewe barabara huku akinyoosha kola bila kuiunguza, utani wote unamwisha. Kola iliungua mara moja tu, siku Fundi alipoponea chupuchupu kutumbukia kwenye shimo la maji machafu. Rubani alilipa shati la watu na wala hakunung'unika.

Sasa Fundi alikuwa ameitwa ng'ambo. Mgeni mmoja alikalia kiti chake hotelini, akakipindua, akakipiga picha chini na juu, akaenda zake. Baadaye ikaja kazi. Huko kwao kulikuwa na ukumbi wa zamani wa muziki, viti vyake vyote ni vya henzerani, vimetoboka, na mikono ya kuvisuka imekwisha kabisa. Kazi ya miezi mitatu, malipo ambayo Fundi alimwomba binti yake ayasome mara ya pili. Wenyeji walisema wazi kwamba watamlipia mtu mmoja, na mtu huyo awe anaweza kutoka chumbani kwake na kufika kazini bila kusindikizwa. Fundi alijibu kwamba anaweza, tena sana. Hakuwa amedanganya. Alisahau jambo moja tu.

"Baba, simu yako imefungwa," binti yake alimwambia wiki ya safari. "Haikubali laini ya kampuni nyingine. Ukifika kule ukaweka laini ya kule, itakataa."

Fundi alikuwa akilowesha henzerani kwenye beseni. Mikono yake ikatulia majini.

Simu hiyo waliichukua kwa kampuni kwa nusu ya bei, kwa makubaliano kwamba watalipia laini yake kila mwezi kwa miaka miwili, na kufuli lilikuwa sehemu ya makubaliano. Mwaka mmoja ulikuwa bado. Kutumia laini ya nyumbani huko ng'ambo kuliwezekana, ila kwa picha ya kutwa nzima mshahara wote ungeliwa na vocha. Simu ya bei rahisi walishaijaribu zamani: picha yake ilitikisika hadi Rubani akatapika kwenye ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo. Ndege ilikuwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Lakini sheria iko upande wetu," binti alisema. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi na hakupenda kusema kitu asichokisoma. "Mteja asiyedaiwa akisafiri, kampuni lazima impe namba za kufungulia. Kosa ni kufungua kwa fundi wa mtaani, kuchezea utambulisho wa simu. Hilo lina kifungo."

"Basi twendeni kampuni," Fundi alisema akijifuta mikono. "Mambo ya kifungo ya nini?"

Ofisi ya kampuni ilikuwa na vioo kila upande na baridi ya kutengenezwa. Dada wa kaunta alikuwa na sauti ya upole, na alipoona namba za mteja kwenye kompyuta yake alifurahi kwa ajili yao.

"Hamdaiwi kitu. Hili ni jambo la dakika chache. Mzee, nitazame hapa."

"Hapa wapi?" Fundi aliuliza.

Watu wa kwenye foleni wakacheka kidogo. Dada wa kaunta akaona haya. "Samahani, mzee. Kuna kamera mbele yako. Mashine inataka kuhakikisha kwamba ni wewe, na kwamba ni mtu aliye hai, si picha."

"Niko hai, mwanangu."

"Inabidi upepese macho."

Kope za Fundi zilifumba alipokuwa mdogo na hazijafumbuka tena. Aliinua paji la uso, akakaza mashavu, akajitahidi kama mtu anayebeba kitu kizito. Mashine ikalia: mteja hajathibitishwa. Akajaribu tena. Hajathibitishwa. Ndipo Rubani alipofanya jambo ambalo binti yake hakulisahau. Alisogea, akaweka vidole viwili kwenye uso wa mumewe, taratibu, akamwinua kope, akazishusha, akaziinua tena, mbele za watu wote, ili mashine ione kwamba macho yanapepesa. Chini ya kope palikuwa peupe tu. Mashine ikasema: ondoa kizuizi usoni.

"Jamani, wengine tuna kazi," mtu alisema huko nyuma.

Binti akageuka, akatoka nje, akasimama juani na mgongo kwa kioo. Alikuwa akimwonea baba yake aibu, na alijichukia kwa hiyo aibu. Ndani, mashine ilisema kwamba majaribio yamekwisha, mpaka kesho yake.

"Sina pengine pa kubonyeza, mzee," dada wa kaunta alisema. Kweli alikuwa amesikitika. "Naweza kuandikia makao makuu. Huwa wanajibu baada ya kama mwezi."

"Na mke wangu akisimamia badala yangu?"

"Jina lililoko hapa ni lako. Haiwezekani."

Fundi akashukuru, kwa sababu alikuwa mtu wa kushukuru hata anapofukuzwa. Njiani kurudi alishika bega la mkewe na hakutania neno. Na Rubani, aliyekuwa akitembea mbele yake, alihisi ndani ya kifua kitu kilichomtisha: furaha. Kwamba mashine imekataa, kwamba hatakwenda, kwamba atabaki naye na mashati yake na mtaa anaoujua kila shimo. Akaikanyaga ile furaha kwa hasira, akaongeza mwendo hadi Fundi akalalamika.

Kibanda cha fundi simu kilikuwa kwenye kona, kimejaa simu zilizopasuliwa matumbo. Mwenyewe aliitwa Bisibisi, mwembamba, mwenye taa ya kichwani hata mchana. Rubani alikwenda moja kwa moja.

"Ifungue," alisema.

"Shemeji, hata salamu?" Bisibisi akaipokea simu, akaigeuza. "Hii nitaimaliza kabla hujafika nyumbani. Nikwambie ukweli lakini?"

"Sema."

"Kila simu ina namba yake ya kuzaliwa. Kufuli la kampuni linaijua hiyo namba. Mimi nachukua namba ya simu iliyokufa," akaonyesha kopo lililojaa vipande, "naipachika hapa. Kampuni wakija kumtafuta mtu wao, wanamkuta mwingine. Inakubali laini ya popote duniani."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. "Na hiyo iliyokufa ilikuwa ya nani?"

"Fundi, iliyokufa haina mwenyewe."

"Ilikuwa naye. Labda iliibiwa. Labda aliyeibiwa alipigwa. Nikisimamishwa uwanja wa ndege wa watu, wakiuliza hii simu ni ya nani, mimi kipofu nitajibu nini?"

"Hakuna anayeuliza. Nimefungulia mabaharia, nimefungulia wanafunzi, nimefungulia hata mtu wa dini. Simu umeilipia, kufuli ni la kwao. Wao ndio wamekuja kukaa kwenye chombo chako."

"Nilikubali wakae, wakanipunguzia nusu ya bei."

Rubani akageuka kwa ghadhabu. "Ulikubali kulipa miaka miwili, na utalipa! Kila mwezi nitapeleka mwenyewe. Tunamwibia nani? Sheria yao wenyewe inasema tufunguliwe. Tumeenda kwa sheria, sheria ikakutaka upepese macho! Ikakutaka wewe, katika watu wote!"

Bisibisi akazima taa yake ya kichwani, kwa heshima. Fundi akaingia ndani ya kibanda. Kisha akanyoosha mkono, akarudishiwa simu yake, wakaondoka.

Nyumbani Fundi alikaa na kiti cha mteja magotini na hakukisuka. Binti yake alimletea chai, akakaa karibu naye kwenye mkeka.

"Baba, nisamehe kwa kutoka nje."

"Ulitoka nje lini? Mimi sikuona."

Binti akacheka na kulia kwa pamoja. Halafu akasema, "Nenda kwa Bisibisi, baba. Mimi ndiye niliyesema lina kifungo, na sasa nakwambia nenda. Kuna kosa la kumdhuru mtu, na kuna hili."

Fundi akapitisha kidole kwenye ukingo wa fremu, tundu kwa tundu. Hakuna aliyewahi kumwita mahali kwa sababu ya mikono yake. Walimpa kazi kwa huruma, au kwa kuwa ni wa bei nafuu, na wengine walisimama juu yake kuhakikisha hajadanganya, kana kwamba kipofu anaweza kusuka nusu kiti asijue. Sasa watu wasiomjua wameona kazi kwanza, ndipo wakauliza mtu. Aliitaka safari hiyo.

"Sawa," alisema. "Kesho aifungue."

Rubani, aliyekuwa akikunja mashati, hakuinua kichwa. Alijua kilichomgharimu mumewe kusema hivyo, na hakusikia ushindi wowote.

Asubuhi Bisibisi aliwakalisha kwenye kibao. Kabla ya kugusa namba, alisema, ni lazima waitoe simu kwenye programu ya kampuni, la sivyo itajirudisha yenyewe. Akaifungua hiyo programu. Haikuwa imewahi kuguswa tangu siku walipoandikishwa.

"Inataka uso tena," alisema akiguna. "Tujaribu tu. Shemeji, mshikie usawa wa uso wake, mimi nione inaandika nini."

Rubani akaichukua simu, akainyoosha mbele ya uso wa mumewe, na kama afanyavyo siku zote, akainama kutazama kama imekaa sawa. Simu ikatoa mlio mdogo wa raha. Kwenye kioo pakaandikwa: Karibu. Na chini yake, jina la Fundi, kamili, na la baba yake.

Bisibisi aliangusha bisibisi.

"Rudia," alisema. "Funga. Rudia."

Walifunga. Bisibisi akaielekeza kwa Fundi: hapana. Akaielekeza kwa Rubani, naye akapepesa kwa mshangao: Karibu. Bisibisi akapapasa huku na huku ndani ya programu hadi akaipata picha ya usajili. Ilikuwa sura ya Rubani mwaka uliopita, amekunja ndita, ameinamisha kichwa kidogo, akikagua kama mumewe ametokea vizuri.

Rubani akakumbuka. Wakala wa kampuni alipita mtaani, ana haraka, akasema mshikie mzee simu usawa wa uso. Akamshikia. Akachungulia. Wakala akasema safi, akaenda nyumba nyingine. Mwaka mzima mashine imekuwa ikiamini kwamba huyo ndiye fundi wa viti.

"Inasema mimi ni nani?" Fundi aliuliza, kwa kuwa wote wamenyamaza na hakuna aliyemwambia.

"Inasema wewe ni mimi," Rubani alijibu. Alikuwa amesimama kwenye kibanda kile kichafu, kati ya simu zilizokufa, akisikia kitu kikubwa kimempita karibu, na hakujua akipe jina gani.

Bisibisi ndiye aliyezinduka wa kwanza. "Basi namba zinapatikana hapahapa! Shemeji, bonyeza hapa, ombi la kufunguliwa, pepesa mara moja, zinakuja. Halali kabisa, za kampuni yenyewe. Sihitaji hata kugusa."

"Usibonyeze," Fundi alisema.

"Ah! Kaka, jana ulikataa ya kwangu kwa sababu ni haramu. Leo umeikubali. Sasa halali imekuja yenyewe, unaifukuza?"

"Jana sikuona njia nyingine. Hapa kuna njia, sitaki kuipita kwa kunyata. Yule dada wa kaunta aione hii picha."

"Akiiona ataifunga laini yako!" Rubani alisema.

"Aifunge akijua anachokifunga."

Rubani alimtazama mumewe. Angeweza kubonyeza. Kidole kilikuwa pale pale, na Fundi asingeona. Mtu yeyote aliyeishi na kipofu anajua jinsi ilivyo rahisi, na ndiyo maana katika miaka yote ya ndoa yao hakuwa amefanya hivyo hata kwa jambo dogo. Akaizima simu.

Dada wa kaunta alisikiliza hadithi yote bila kukatiza. Akaitafuta picha ya usajili kwenye kompyuta yake, akaitazama, akamtazama Rubani, akaitazama tena. Kisha akainamisha kichwa.

"Mzee, ungeninyamazia tu. Kanuni inasema akaunti yenye uso usio wa mwenyewe ifungwe, uchunguzi ufanyike. Natakiwa niifunge sasa hivi."

"Sawa, mwanangu. Ila kwanza nina kiu. Niruhusu nikanunue maji ng'ambo ya barabara, nirudi, ndipo ufunge."

Akajifunga simu kifuani, akaweka waya sikioni. Rubani akaiegemeza simu yake mwenyewe kwenye kaunta, juu ya makaratasi ya watu. Fundi akageuka, akatoka.

Dada wa kaunta akainama kuona. Kwenye kioo cha simu mlango wa ofisi ulifunguka, jua likamwagika, na barabara kubwa ikaja na magari yake yote. Rubani hakupaza sauti. "Ngazi mbili. Moja, mbili. Kuna mama na mtoto kushoto kwako. Simama. Gari jeupe. Na lori. Bado... bado. Sasa. Usikimbie. Ukingo huo, panda." Mguu wa Rubani, chini ya kaunta, ulikuwa umeinuka pamoja na wa mumewe, ukashuka pamoja nao. Mwenyewe hakujua. Dada wa kaunta aliuona. Akautazama ule mguu katika kiatu chake kilichochakaa, ukipanda ukingo wa barabara ambao haukuwepo pale. Aliinua macho kwenye kioo cha ofisi, akamwona mzee halisi kule ng'ambo, amesimama wima kati ya watu, akinyoosha mkono na kupokea chupa ya maji. Foleni nzima ilikuwa imegeuka kutazama. Hakuna aliyesema ana haraka.

Fundi alirudi jinsi alivyokwenda. Akapapasa kaunta, akaweka chupa mbele ya dada.

"Kunywa wewe kwanza. Una kazi ngumu."

Dada wa kaunta hakunywa. Aliitazama tena ile picha ya usajili kwenye kompyuta. Kisha akaigeuza kamera, akaielekeza kwa Rubani.

"Mama, nitazame hapa. Pepesa."

Rubani akapepesa, na machozi yaliyokuwa yakimngoja yakashuka. Mashine ikalia: mteja amethibitishwa.

"Iliuliza kama mteja yuko hai," dada wa kaunta alisema huku akiandika namba za kufungulia. "Nimemwona kwa macho yangu. Wakiniuliza, nitawaambia waje wamtazame."

Kama alilofanya ni halali au si halali, wenye sheria zao wanaweza kukaa na kubishana. Inawezekana kabisa kwamba alistahili karipio, na inawezekana alilipata. Wale waliokuwa kwenye foleni siku hiyo hawakubishana. Walimfungulia Fundi njia, wakamshikia mlango, na yule aliyekuwa amelalamika siku iliyotangulia alikuwepo tena, naye akasogea upande akatazama chini.

Jumatatu, kwenye chumba cha mbele, pasi ilikuwa imepoa. Rubani hakuwa amegusa shati hata moja. Binti yake alikaa pembeni bila kupumua vizuri. Laini ya ugenini ilikuwa imekubali tangu uwanja wa ndege, na sasa kifua cha Fundi kilikuwa kikipita mtaa wa mawe yaliyolowa, chini ya anga la kijivu, kati ya watu waliovaa makoti hadi mashavuni.

"Magari ya huko yanatokea upande mwingine, baba," Rubani alisema. "Mimi mwenyewe yananichanganya. Ngoja... twende. Kuna mlango mkubwa wa mbao. Mzito, sukuma kwa bega. Ngazi. Nyingi, shika chuma. Mlango mwingine, uko wazi. Ingia."

Fundi akaingia. Alijua kwa mwangwi wa viatu vyake kwamba mahali pale ni pakubwa, pakubwa kuliko popote alipowahi kusimama, na kulikuwa na harufu ya mbao kuukuu na vumbi. Akangoja sauti sikioni. Haikuja.

Kwenye chumba cha pasi, Rubani alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Ukumbi ulikwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa za vibaraza vilivyopakwa dhahabu, hadi kwenye dari lililochorwa mawingu na watu wanaoruka. Na chini, mstari baada ya mstari hadi gizani, vilikuwepo viti, mamia kwa mamia, kila kimoja kina tundu katikati, vyote vimeelekea upande aliosimama mumewe.

"Mama?" Fundi alimwita mkewe. "Imekatika?"

"Haijakatika."

"Mbona hunipeleki? Nielekee wapi?"

"Usielekee popote," Rubani alisema kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia. "Ngoja kidogo. Na mimi nitazame."

Fundi akaweka mkoba wake chini, akasimama wima, akazuia pumzi, ili picha isitikisike.